Félix Candela: mkimbizi aliyekunja zege kwa mbao zilizonyooka

Ukiwa Soko Kuu Kariakoo unaangalia chini tu: mfuko, simu, bei ya nyanya. Siku moja inua macho. Ile miavuli ya zege ni kazi ya Mtanzania mwenzetu Beda Amuli, msanifu aliyesomea Haifa, na soko lilifunguliwa mwaka 1975. Inaziba jua na inakinga maji ya mvua. Amuli nitamwandikia siku yake. Leo namleta mzee aliyefanya miavuli ya zege ijulikane duniani, maana maisha yake yanamhusu kila kijana anayebeba mbao saiti.

Candela alizaliwa Madrid, Hispania, mwaka 1910, akamaliza usanifu 1935. Mwaka uliofuata vita vya wenyewe kwa wenyewe vikalipuka. Alipigana upande wa Jamhuri, wakashindwa, akavukia Ufaransa na kuwekwa kambini. Mwaka 1939 meli ya wakimbizi ikampeleka Meksiko, akaanza upya kabisa.

Mwaka 1950 yeye na wenzake, akiwemo ndugu yake Antonio, wakafungua kampuni ya Cubiertas Ala. Mwaka 1951 akamaliza maabara ndogo ya miale ya anga ya chuo kikuu, Mexico City. Paa lake kwa juu lina unene wa sentimita 1.5 tu! Mgahawa wa Los Manantiales wa 1958, wenye paa kama ua, una sentimita 4.

Sasa siri yake. Kumwaga zege ni kazi, lakini kwenye paa la mviringo kinachokula pesa ni kutengeneza umbo la mbao la kulimwagia. Candela alichagua umbo linaloonekana limepinda, kumbe limejaa mistari iliyonyooka. Shika rula mbili, moja ilaze, nyingine iinamishe, halafu panga vijiti kutoka moja kwenda nyingine. Utaona uso umejikunja, ila hakuna kijiti kilichopinda. Kwa hiyo fundi alitumia mbao za kawaida, bila kuzichonga. Mwavuli ukishakauka, mbao zinashushwa na kuhamishiwa mwavuli unaofuata. Mvua nayo ilishukia katikati, ndani ya nguzo.

Mimi hapo ndipo ananikuna. Saiti nyingi nilizoziona huku mjini, mbao na mirunda inatumika mara chache halafu inakuwa kuni za mama ntilie. Msitu umekwenda hivyo hivyo.

Tusidanganyane, njia yake ilihitaji mikono mingi. Mishahara ya vibarua ilipopanda Meksiko, mapaa yake yakawa ghali na kazi zikapungua. Mwaka 1971 akahamia Marekani kufundisha Chicago. Alifariki huko Marekani mwaka 1997.

Lakini wazo halikufa. Mwaka 2018 watafiti wa Zürich, Uswisi, walijenga Mexico City banda la kumuenzi. Badala ya mbao walitandaza juu ya nyaya kitambaa kilichofumwa kwa mashine. Kitambaa kilikuwa na kilo 25 hivi, kikasafirishwa ndani ya masanduku ya nguo. Kikabeba zege zaidi ya tani 5!

Sasa wadau, Mtaa wa Kongo umejaa vitambaa, na mafundi tunao. Nani ataanza kujaribu, hata kwa kibaraza kidogo tu? Mafundi, nawasubiri hapo chini.