Thomas Edison na Taa ya Umeme

Bila shaka umewahi kutumia tochi. Unasukuma kidude kilicho ubavuni, taa inawaka. Unakirudisha, taa inazimika. Kidude hicho ni swichi. Kazi yake ni kuunganisha njia ya umeme na kuikata. Umeme hutaka njia nzima: kutoka kwenye betri, kupita kwenye taa, na kurudi kwenye betri. Njia ikikatika mahali pamoja tu, umeme hauendi. Swichi ya ukutani katika nyumba yenye umeme hufanya kazi hiyo hiyo.

Sasa soma habari za mtu aliyehangaika mpaka taa, waya na swichi vikaingia katika nyumba za watu. Jina lake ni Thomas Edison.

Edison alizaliwa tarehe 11 Februari 1847 katika mji mdogo wa Milan, jimbo la Ohio, nchini Marekani. Shuleni alikaa miezi michache tu. Mwalimu alimwona kuwa ni mtoto mzito wa kuelewa. Mama yake, Nancy, alikuwa amewahi kuwa mwalimu. Alikasirika sana, akamtoa mtoto shuleni, akamfundisha mwenyewe nyumbani. Kutoka hapo Edison hakuacha tena kusoma. Basi ujue kwamba elimu yake karibu yote aliipata nje ya shule.

Alipokuwa na miaka 12 alianza kuuza magazeti na peremende ndani ya treni. Masikio yake yalikuwa yameanza kuharibika, na maisha yake yote alisikia kwa shida. Mwaka 1862 alimwokoa mtoto mdogo aliyekuwa karibu kukanyagwa na behewa. Baba wa mtoto huyo alikuwa mkuu wa stesheni. Kwa shukrani alimfundisha Edison kazi ya telegrafu.

Telegrafu ilikuwa njia ya kupeleka habari mbali kwa waya. Mpigaji alibonyeza kitufe, njia ya umeme ikaungana. Alipokiachia, ikakatika. Mbonyezo mfupi na mbonyezo mrefu zilipangwa kuwa herufi. Kwa hiyo unaweza kusema kwamba Edison alianza kazi yake ya umeme akiwa na swichi mkononi.

Hata kifaa cha kwanza alichopewa hati ya uvumbuzi, mwaka 1869, kilikuwa cha swichi. Kilikuwa chombo cha kuhesabu kura bungeni. Kila mbunge angekaa kitini pake na kusukuma swichi upande wa ndiyo au wa hapana, na mashine ingeandika kura zote mara moja. Chombo kilifanya kazi vizuri. Lakini wabunge walikikataa! Wao walipenda upigaji kura wa polepole, maana ulikuwa unawapa nafasi ya kuvutana na kubadilishana mawazo. Edison alitoka pale bila senti. Aliamua kwamba tangu siku hiyo hatatengeneza kitu ambacho watu hawakihitaji.

Mwaka 1878 aligeukia taa. Wakati huo watu wa mijini walitumia taa za gesi na za mafuta. Taa za umeme zilikuwapo, lakini zilikuwa kali mno, za kufaa barabarani tu. Edison alitaka taa ndogo ya chumbani. Alijua kwamba umeme ukipita katika uzi mwembamba sana, uzi hupata moto na kung'aa. Shida ni kwamba uzi huungua upesi. Kwa hiyo yeye na wasaidizi wake walitia uzi ndani ya chupa ya kioo na kutoa hewa yote, kwa kuwa pasipo hewa kitu hakiungui. Walijaribu nyuzi za kila aina. Mwezi Oktoba 1879 uzi wa pamba uliochomwa ukawa makaa uliwaka kwa zaidi ya saa 13. Mwaka 1880 walijaribu mianzi, na taa zikaweza kuwaka zaidi ya saa 1,000.

Si haki kusema kwamba alifanya kazi hii peke yake. Kule Uingereza Joseph Swan naye alitengeneza taa ya namna hiyo. Na yupo Lewis Latimer, mtu mweusi, ambaye wazazi wake walitoroka utumwa. Mwaka 1882 Latimer alipata hati kwa njia bora ya kutengeneza nyuzi za makaa. Baadaye alifanya kazi katika kampuni ya Edison, na mwaka 1890 alitoa kitabu kuhusu taa za umeme.

Lakini globu peke yake ina faida gani? Hapa ndipo kazi ngumu ilipoanza.

Fikiri juu ya watu waliojipanga mstari kutoka mtoni, wakipokezana ndoo ya maji. Mmoja akiondoka, maji hayafiki. Taa za barabarani za zamani zilifungwa hivyo, moja baada ya nyingine katika waya mmoja. Sasa fikiri juu ya bomba kubwa lenye koki nyingi. Wewe unafungua koki yako, jirani anafunga yake, wala hamzuiani. Edison alifunga taa zake kwa mtindo huu wa pili. Kila taa ilikuwa na njia yake na swichi yake. Tena alichagua uzi mwembamba unaotumia mkondo mdogo, ili waya za shaba nazo ziwe nyembamba. Shaba ilikuwa ghali, na bila hesabu hiyo taa zingebaki za matajiri.

Kulikuwa na hatari pia. Waya ukipitisha umeme kupita kiasi, hupata moto na unaweza kuunguza nyumba. Mwaka 1880 Edison alipata hati kwa dawa yake: kipande cha waya dhaifu kinachoyeyuka upesi na kukata njia. Leo tunakiita fyuzi. Utaona watu wengine, fyuzi ikiungua, wanatia waya mnene wowote. Huko ni kumfukuza mlinzi na kuacha mlango wazi. Swichi nazo zilitoa cheche zilipofunguliwa polepole, na cheche zikazila. Mwaka 1884 Mwingereza John Henry Holmes alitengeneza swichi inayokata njia kwa ghafla. Ule mlio wa "ta!" unaousikia ukizima taa unatokana na ukataji wa namna hiyo.

Tarehe 4 Septemba 1882 kituo cha umeme cha Edison kilifunguliwa katika mtaa wa Pearl, mjini New York. Waya zilikuwa zimefukiwa chini ya barabara. Taa za kwanza zilikuwa kama 400. Ndani ya kituo ziliwekwa taa mbili za kumwonyesha fundi hali ya mtambo. Umeme ukizidi, taa nyekundu iliwaka. Ukipungua, iliwaka ya buluu. Ukiona leo kitaa kidogo kinawaka juu ya swichi ya redio au ya mashine, kazi yake ni hiyo hiyo ya kukuambia hali ya umeme bila kugusa waya.

Umeme wa Edison ulikuwa na upungufu mmoja: haukuweza kwenda mbali. George Westinghouse alileta umeme wa aina nyingine, ambao ulisafiri mbali kwa gharama ndogo. Edison aliupinga kwa ukali, akisema unaua. Ni kweli kwamba mwezi Oktoba 1889 fundi mmoja alikufa juu ya nyaya mjini New York, watu wakimtazama. Lakini Edison alikuwa akilinda biashara yake pia, na hapo alikosea. Umeme wa Westinghouse ulishinda.

Edison alifariki tarehe 18 Oktoba 1931, akiwa na miaka 84. Alikuwa na hati 1,093 za uvumbuzi nchini Marekani. Wengine walitaka umeme wa nchi nzima ukatwe kwa muda mfupi ili kumheshimu. Rais Hoover aliona kuwa ni hatari, maana hospitali na pampu za maji zilikuwa zikitegemea umeme. Badala yake aliwaomba wananchi wazime taa kwa hiari. Usiku wa tarehe 21 Oktoba, saa nne, watu wengi walikwenda kwenye swichi zao, wakazima, wakakaa gizani dakika moja, kisha wakawasha tena.