Watoto na wanyama wa Tingatinga

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako niwakumbushe wazazi wenzangu habari za marehemu Edward Saidi Tingatinga. Huku Mbweni picha za tingatinga watoto wanazijua, lakini ukiwauliza Tingatinga ni nani, watakutajia mtambo wa kuchonga barabara!

Ndugu huyu alizaliwa mwaka 1932 huko Tunduru. Alifanya kazi katika mashamba ya mkonge Tanga, kisha akaja Dar es Salaam akawa mtumishi wa nyumbani kwa Mzungu. Kuchora alianza mnamo 1968, wala shule ya uchoraji hakuiona. Alitumia vipande vya hadibodi zinazopigiwa dari na rangi za baiskeli. Chui wake mmoja hujaza ubao mzima, madoa yake unaweza kuyahesabu. Mtoto wa miaka mitatu humtambua mara moja. Picha ziliuzwa pale Morogoro Stores, Oysterbay.

Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi, gari alilopanda likidhaniwa ni la wezi. Alichora kwa miaka minne tu. Wanafunzi wake, akina Ajaba Abdallah Mtalia na January Linda, wakaendelea.

Mwaka 2010 watoto wa Uingereza walianza kuonyeshwa katika televisheni hadithi za wanyama wa mtindo huo, zilizotengenezwa Nairobi. Kitabu cha picha alichonacho mwanangu kina dubu na theluji. Wachapaji wa hapa nchini, ni kitu gani kinawashinda kututolea kitabu cha watoto chenye chui wa Tingatinga na jina lake juu ya jalada?

Mzazi,
Mbweni, Dar es Salaam.