Roosevelt: Kiongozi aliyeangushwa na maradhi ya siri

ILIKUWA yapata saa saba na robo mchana, Aprili 12, 1945. Rais wa Marekani, Franklin Delano Roosevelt, alikuwa ameketi katika nyumba yake ya mapumziko mjini Warm Springs, jimbo la Georgia, akichorwa picha. Ghafla alilalamikia maumivu makali ya kisogo, kisha akapoteza fahamu.

Ilipotimu saa tisa na dakika 35 alikuwa amekata roho, akiwa na umri wa miaka 63. Daktari wake alieleza kuwa damu ilikuwa imevuja ubongoni.

Ulimwengu ulipigwa na butwaa. Hata hivyo, kifo hicho kilikuwa kimebisha hodi kwa miaka mingi.

Roosevelt alizaliwa Januari 30, 1882 huko Hyde Park, New York, katika familia tajiri. Mnamo 1921, akiwa na miaka 39, alipatwa na ugonjwa ambao madaktari walisema ni polio, na miguu yake ikapooza.

Wengi walidhani siasa zake zimefika ukingoni. Badala yake alikuwa gavana wa New York, na mwaka wa 1932 akachaguliwa kuwa Rais wakati taifa lilipokuwa limezama katika ufukara. Ndiye mtu wa pekee aliyewahi kuchaguliwa mara nne kuiongoza Marekani.

Katika miaka hiyo alijifunza kuficha udhaifu. Ni nadra sana alipopigwa picha akiwa kwenye kiti cha magurudumu.

Wakati huo huo, adui mwingine alikuwa akimnyemelea. Shinikizo lake la damu lilikuwa 162/98 mwaka wa 1937, na kufikia 1941 lilikuwa limepanda hadi 188/105. Daktari wake mkuu, Ross McIntire, alikuwa mtaalamu wa pua na koo.

Mnamo Machi 1944 alipimwa na mtaalamu wa moyo, Howard Bruenn, katika hospitali ya jeshi la majini ya Bethesda. Moyo ulikuwa umepanuka na kuanza kushindwa kazi, nalo shinikizo lilikuwa 186/108.

Enzi hizo hapakuwa na dawa za kuaminika za kuliteremsha. Bruenn alimpa dawa ya kuupa moyo nguvu, akamshauri apunguze chumvi na sigara, na apumzike. Wananchi waliambiwa kwamba Rais wao alikuwa na afya njema, na Novemba mwaka huo wakampigia kura tena.

Februari 1945 alisafiri hadi Yalta kukutana na Churchill na Stalin, kisha akapitia Misri ambako alizungumza na Mfalme Haile Selassie wa Ethiopia. Waliomwona walishtuka jinsi alivyokonda.

Ubongo huweza kuvuja damu kwa sababu kadha. Kuta za mishipa zinaweza kuvimba kutokana na maambukizi, au kwa kushambuliwa na kinga ya mwili yenyewe, zikadhoofika na kupasuka. Lakini chanzo kikuu ni shinikizo la damu, ambalo huzichakaza kuta hizo mwaka baada ya mwaka, bila mgonjwa kuhisi lolote.

Mwili wa Roosevelt haukufanyiwa uchunguzi baada ya kifo, ila siku hiyo shinikizo lake lilikuwa limepita 300/190.

Harry Truman, aliyekuwa Makamu wa Rais kwa siku 82 pekee, alirithi vita na siri ya bomu la atomiki ambalo hakuwa amearifiwa vyema. Hiyo ndiyo gharama taifa lililipa kwa kufichwa hali ya kiongozi wake. Bruenn hakuchapisha maelezo kamili ya ugonjwa huo hadi 1970.

Mnamo 1948, Truman alitia sahihi sheria ya kugharamia utafiti wa moyo. Mwaka huo ulianza uchunguzi wa watu 5,209 katika mji wa Framingham, uliosaidia kuthibitisha kwamba shinikizo la juu ni hatari.

Leo dawa zipo, na kupimwa huchukua dakika chache tu. Wahenga hawakukosea: mficha maradhi, kilio humuumbua.