Padri Alexis Kagame: Gwiji Aliyetafuta Falsafa Ndani ya Ngeli

Mara nyingi kurasa kama hizi husimulia maisha ya washairi na waandishi wa riwaya. Safari hii nawaletea padri wa Rwanda aliyezichukua ngeli, zile zile zinazotutoa jasho siku ya mtihani, akasema kwamba ndani yake mna falsafa.

Alexis Kagame alizaliwa mwaka wa 1912 huko Kiyanza, Rwanda, nchi hiyo ikiwa bado chini ya Wajerumani. Ukoo wake ulikuwa wa watu wa ikulu, waliotunza historia na siri za ufalme kichwani, bila kalamu wala karatasi. Alisoma shule ya misheni, akaingia seminari ya Nyakibanda, akapata upadri mwaka wa 1941. Alihariri gazeti la Kinyamateka, tena akakusanya mashairi ya ikulu kutoka kwa wazee kabla hawajaondoka nayo duniani. Mwaka wa 1950 akawa Mwafrika wa kwanza kukubaliwa kuwa mwanachama wa Taasisi ya Kifalme ya Kikoloni ya Ubelgiji.

Basi mambo yakaharibika. Mwaka wa 1952 alichapisha kitabu juu ya sheria na utawala wa Rwanda kabla ya ukoloni. Wakubwa wa kikoloni hawakupendezwa hata kidogo. Wakamsukuma askofu, naye Kagame akapelekwa Roma. Huko akajiunga na Chuo Kikuu cha Gregorian, akasomea falsafa mpaka akapata udaktari. Kumbe waliotaka kumnyamazisha walimpa mahali pa kusemea!

Ili tuielewe kazi yake, hebu kwanza tuulize: dhana ni nini? Mtu akitaja mti, hana maana ya mti mmoja tu. Mvule wa Bungoma, msonobari wa Kitale na mwembe wa Mombasa, yote inaingia katika wazo moja. Wazo hilo ndilo dhana. Sasa limetoka wapi? Wanafalsafa wa Ulaya wamebishana juu ya swali hili kwa karne nyingi. Plato wa Ugiriki alishikilia kwamba dhana ziko tayari katika ulimwengu wao, hata kabla hatujazaliwa. Mwanafunzi wake, Aristotle, akakataa. Kwake yeye, dhana tunazipata katika vitu vyenyewe tunavyoviona, na yote yawezayo kusemwa juu ya vitu aliyapanga katika makundi kumi. Kant, Mjerumani wa karne ya 18, akaona kwamba akili yenyewe huja na makundi yake, kama mtungi unavyoyapa maji umbo. Kisha akatokea Karl Marx, aliyefariki mwaka wa 1883, akaligeuza jambo hili chini juu. Watu kwanza hulima, hujenga na kubadilishana mali, na mawazo yao hutokana na maisha hayo. Babu wa kale aliyetoa wimbi akapewa mbuzi hakuwa na dhana ya mshahara, maana hakukuwa na mwajiri.

Kagame aliingia katika mjadala huu kwa mlango wake mwenyewe, yaani lugha. Mwaka wa 1945 mmisionari Mbelgiji aliyefanya kazi Katanga, Placide Tempels, alikuwa ametoa kitabu kilichodai kwamba Wabantu wana falsafa yao. Kagame alitaka ushahidi, si kukisia. Katika kazi yake iliyochapishwa Brussels mwaka wa 1956, alichambua Kinyarwanda akapata maneno manne yenye shina moja, -ntu. Umuntu ni kile kilicho na akili. Ikintu ni kile kisicho na akili, kiwe mnyama, mti au jiwe. Ahantu ni mahali na wakati pamoja. Ukuntu ni namna: kiasi, sifa, uhusiano, kutenda, kutendwa na kadhalika. Makundi yote kumi ya Aristotle yakaenea katika hayo manne.

Tugeukie kwetu. Kibukusu kina omundu na sindu, Kiswahili kina mtu na kitu. Tena hadithi zetu huanza hapo zamani za kale. Hapo ni neno la mahali, lakini hapa linaonyesha wakati! Mwaka wa 1976 Kagame alitoa kitabu kingine, akilinganisha lugha nyingi za Kibantu.

Hakuna gwiji asiyepingwa. Paulin Hountondji wa Benin, aliyesoma Ufaransa chini ya Louis Althusser, mwanafalsafa wa Kimarx, alikubali kwamba Kagame alikuwa makini kuliko Tempels. Hata hivyo, alisema sarufi ni mali ya wote, lakini falsafa ni hoja za mtu mwenye jina, anayeweza kujibiwa. Kwa maoni yake, falsafa iliyomo katika kitabu kile ni ya Kagame mwenyewe.

Kagame alifundisha katika chuo kikuu cha Rwanda na pia Lubumbashi. Alifariki papa hapa Kenya, mjini Nairobi, tarehe 2 Desemba 1981.

Je, nani alikuwa na haki? Tazama Kiswahili chenyewe. Kipofu na kiziwi wana ki- ya vitu, lakini twasema kipofu amekuja, si kipofu kimekuja. Ng'ombe naye, ambaye Kagame amemweka pamoja na mawe, kwetu amelala sawasawa na mtu. Isitoshe, Wasabaoti wa Mlima Elgon na Waturkana tunaokutana nao Kitale wana lugha zisizo za Kibantu, zisizo na ngeli kama zetu. Ikiwa dhana hutoka katika ngeli peke yake, itabidi tuseme hawatofautishi mtu na kitu kama sisi. Nani atathubutu? Sokoni Mbukusu na Msabaoti hupatana bei ya gunia, na kila mmoja anajua deni ni nini na haki ni nini. Hapo Marx anatusaidia: maisha ya pamoja huzaa dhana za pamoja.

Lakini pia tusisahau. Mwaka wa 1992 nyumba zilichomwa Trans Nzoia na Bungoma, jirani akamkimbia jirani. Mwaka wa 1994 Rwanda yenyewe iliona mauaji ya halaiki, na wauaji na waliouawa walisema Kinyarwanda kimoja, chenye neno umuntu. Neno lilikuwepo, lakini halikumlinda mtu. Dhana ya mtu haikai salama kwa sababu imo katika sarufi. Inakaa salama watu wakiitetea.

Kwa hivyo, wanachama wenzangu, likizo hii waulizeni akina babu na nyanya wanavyosema mtu, kitu, mahali na namna. Yaandikeni kama alivyofanya Kagame. Kisha mketi, mbishane kama alivyotaka Hountondji. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.