Daktari Livingstone na Wanyama Walioumwa na Mbung'o



Farasi hapa Nangara ni mnyama wa kusikia tu, lakini ndugu yake punda twamjua sote. Mbung'o nao si wageni kwetu. Ukienda upande wa Tarangire utawakuta. Kwa hiyo tumeona vema safari hii tumkumbuke Daktari David Livingstone kwa jambo lisilotajwa sana, yaani jitihada yake juu ya wanyama.

Alizaliwa Blantyre, Scotland, mwaka 1813. Akiwa mtoto wa miaka 10 alianza kazi katika kiwanda cha pamba. Baadaye alisomea udaktari, na mwaka 1841 akafika Afrika ya Kusini kuwa mmisionari. Yeye hakuwa Mwanglikana, lakini hotuba yake ya Cambridge ya mwaka 1857 ndiyo iliyoamsha misheni ya UMCA, iliyopanda Kanisa letu Zanzibar, Magila na Masasi.

Katika miaka ya 1840, alipokaa Kolobeng, katika Botswana ya leo, aliletewa farasi jike aliyeumwa na mbung'o. Livingstone alimpa aseniki, ambayo ni sumu, kidogo kidogo katika chakula. Manyoya yake yakang'aa, hata daktari akadhani amepona. Lakini baadaye alikonda, akafa. Livingstone hakuficha jambo hilo; mwaka 1858 habari yake ilichapishwa katika jarida la madaktari wa Uingereza.

Mwaka 1866 alishuka pwani ya Mikindani na ngamia, nyati wa kufugwa, punda, na mabaghala, yaani wazao wa punda na farasi. Alitaka kujua ni mnyama yupi awezaye kustahimili mbung'o. Kumbe askari aliokuja nao kutoka Bara Hindi waliwatwisha wanyama hao mizigo kupita kiasi na kuwapiga hata wakatoka vidonda. Wengi wakafa, naye asiweze kusema kwa hakika kama waliuawa na mbung'o au na mkono wa mwanadamu.

Alifariki tarehe 1 Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo. Susi, Chuma na wenzao wakauchukua mwili wake mpaka Bagamoyo.

Mwaka 1895, huko Zululand, David Bruce alionyesha kwamba mbung'o hueneza vijidudu vya nagana katika damu. Tena mwaka 1905, huko Liverpool, dawa yenye aseniki ilijaribiwa juu ya vijidudu vya namna hiyo, na dawa za jamaa hiyo zikaja kuwatibu wagonjwa wengi wa malale. Basi yule farasi hakufa bure.

Nasi twajifunza nini? Kushindwa kukisemwa kweli humfaa ajaye nyuma. Tena punda wetu akikonda, tusimpe dawa za kubahatisha. Tumwite bwana mifugo. Na kabla ya kumlaumu mbung'o, tuutazame kwanza mgongo wa punda: ni kamba gani imemchubua, na ni nani aliyemfunga mzigo ule?