Sailor Jerry: Msee Aliyewachora Mabaharia na Kuosha Jina la Tatuu

Ukicheki tatuu ya nanga ama mbayuwayu kwa mkono wa beshte yako, jua hiyo stori ilianzia baharini. Na kuna jamaa mmoja huwezi kumruka.

Norman Collins, anayejulikana kama Sailor Jerry, alizaliwa 1911 huko Reno, Nevada, Marekani. Akiwa kijana alitoka home akadandia treni za mizigo, na njiani akajifunza kuchora ngozi kwa sindano na mkono tu. Mashine alikuja kuijulia Chicago. Akiwa na miaka 19 akaingia jeshi la wanamaji, na baadaye akafungua duka lake Honolulu, Hawaii, mtaa wa Chinatown.

Kwa mabaharia, tatuu haikuwa urembo tu. Ilikuwa CV. Mbayuwayu: umesafiri maili 5,000 za baharini. Nanga: umevuka Atlantiki. Meli ya matanga: umezunguka Cape Horn, na mawimbi ya huko ni noma. Kasa: umevuka ikweta kwa meli, so ile ya kuvuka Nanyuki na matatu haihesabiki, buda. Nguruwe na jogoo kwa miguu ilikuwa kinga ya kuzama, maana masanduku ya mbao ya hao wanyama yalielea meli ikienda chini.

Sasa sikia hii. Enzi hizo wachoraji wengi walirudia sindano moja kwa watu kibao, na sponji moja ikafuta damu ya kila mtu. Jerry alikataa huo ujinga. Alikuwa kati ya wa kwanza kutumia sindano mpya kwa kila mteja na kuua viini kwa mashine ya mvuke kama ya hospitali. Pia alisaka rangi ambazo ngozi ingezikubali.

Alifariki 1973. Alikuwa ameacha neno: duka lichukuliwe na mmoja wa vijana wake watatu, la sivyo lichomwe. Mike Malone akalinunua.

So wewe ukienda kuchorwa, usiulize bei kwanza. Sindano ifunguliwe ukiona. Ukifika keja, osha na sabuni isiyo na marashi, usibandue magaga, na usiogelee hadi ipone. Baadaye paka mafuta ya kukinga jua, juu jua ndilo hufifisha wino.

Mchoro utakaa na wewe maisha yote. Ugonjwa wa sindano chafu pia unaweza.