Satyajit Ray: Filamu moja iliyomfanya aweke rehani vito vya mkewe
Mwaka 1950, Satyajit Ray, mchoraji wa matangazo kutoka Calcutta, India, alitumwa London kikazi. Huko akaangalia filamu ya Kiitaliano, Bicycle Thieves: baba maskini kaibiwa baiskeli anayoitegemea kwa kibarua chake. Waigizaji wakuu walikuwa watu wa kawaida tu, na ilirekodiwa mitaani. Ray akatoka ukumbini ameshaamua: naye atatengeneza yake.

Akaanza 1952, akirekodi wikiendi. Hela zikakata. Akauza santuri zake, vito vya mkewe Bijoya vikawekwa rehani. Mwishowe serikali ya jimbo ikamalizia gharama.

Pather Panchali ikatoka 1955, mwaka uliofuata ikapata tuzo Cannes. Ray alifariki Aprili 23, 1992, wiki chache baada ya kupewa Oscar ya heshima akiwa hospitalini.